Nilizima Kisiagi

Mideva alikuja Jumanne, foleni imefika barabarani,
gitaa mgongoni, limefungwa kwa shuka la mtoto.
Akasema: Mzee Agufana, naomba dakika nne.
Nikadhani ni mkopo.
Dakika, akasema. Nne tu. Za kimya.

Nyuma ya ukuta wangu, hapa Chavakali sokoni,
kijana Anyanzwa alikodi kile chumba cha magunia.
Amekibandika trei za mayai toka sakafuni hadi darini,
maikrofoni ameivisha soksi ya shule.
Lakini trei za mayai hazikijui kisiagi changu.
Kikinguruma, meno ya wateja hugongana;
kikinguruma, wimbo wake wa kwanza unasagwa pamoja na mahindi.

Basi nikazima.
Mkanda ukajikokota, ukapiga makofi mawili, ukatulia.
Vumbi la unga likabaki hewani, halijui litue wapi.
Wanawake kumi na saba na gorogoro zao
wakanitazama kama mtu aliyevua shati kanisani.
Nikaweka kidole mdomoni.

Tukamsikia.
Si vizuri, ukuta ni ukuta,
ila sauti ilipenya penye ufa karibu na mita ya stima,
nyembamba, kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Aliimba Kimaragoli, habari za mama anayehesabu vifungo
vya shati la mwana asiyerudi.
Kageha muuza omena akatua karai lake
polepole, hadi chini, lisilie.

Mara ya kwanza, mtoto alikohoa.
Mara ya pili, uzi wa gitaa ulikatika.
Mara ya tatu, wimbo ukiwa karibu kufika nyumbani,
Mama Vugutsa alipasua kimya kama kuni kavu:
"Wimbo hauliwi! Washa hicho kitu, Agufana,
watoto wangu wanatoka shule saa saba!"

Nikawasha. Ningefanyaje?

Ikawa hivyo wiki tatu. Nyimbo sita.
Mke wangu aliandika hasara kwa penseli
kwenye daftari la madeni, chini ya jina la Mideva,
kisha siku moja akaifuta kwa kidole, asiniambie.
Foleni nayo ikajifunza. Nikiinua mkono tu,
umbea unakatwa katikati,
mwenye mafua anakwenda kusimama kwa fundi wa baiskeli.
Wengine walianza kuja bila mahindi.
Kopo la maziwa ya unga likatokea dirishani, sijui nani aliliweka;
chenji ya kusaga ikawa inalala humo, tano, kumi,
na mara moja noti ya hamsini
iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kidonge.
Ndiyo iliyonunua nyuzi mpya.
Ndiyo iliyomlipa Anyanzwa nusu. Nusu ingali deni.

Sasa wimbo uko redioni, baada ya matangazo ya vifo.
Anyanzwa aliacha kikohozi cha mtoto,
akamwacha na Mama Vugutsa:
mwishoni, gitaa linaposhusha pumzi,
"Wimbo hauliwi!"
Vijana wa Mbale humrushia maneno yake mwenyewe njiani.
Yeye hudai alipwe. Hudai kwa ukali,
kisha huuliza kama utachezwa tena leo.

Mideva amekwenda Kisumu kuwaimbia watu wasiomjua.
Alipita kuniaga, akaniachia nyimbo zote sita kwenye flashi
nami sina pa kuichomeka.
Iko kwenye mkebe wa misumari.

Mimi muziki siujui.
Najua mahindi mabichi kwa mlio wake,
najua mkanda utakaokatika kesho.
Lakini ule wimbo ukianza
nasikia kitu ambacho redio haikitaji:
nyuma ya gitaa, nyuma ya kile kikohozi, chini kabisa,
kuna mahali hapana sauti yoyote.
Pale ni mimi.
Pale ni dizeli yangu, imetulia tangini,
na watu kumi na saba wamebana pumzi.